Chipu Niliyoificha Chini ya Usukani

Nawasikia mkitamba, nyinyi vijana mliofungua vibanda vya funguo za magari hapa Kolwezi. Nikipita na fimbo yangu mnaniita nikae, mnanionyesha mashine zenu mpya, halafu lazima mmoja wenu aseme, "Tata, siku hizi mi siogope kamyo yoyote." Nacheka, namaliza soda yenu, naondoka. Lakini njiani moyo unanidunda kwa ajili yenu.

Mimi niliogopa malori yote. Nilifanya kazi hii mpaka macho yakakataa kuona nyaya nyembamba, na sikumbuki asubuhi hata moja nilipofungua kibanda bila kuogopa kitu. Niliogopa kompyuta ya gari isije ikafa mikononi mwangu. Niliogopa askari, maana lori likiibwa mjini, mtu wa kwanza kuulizwa ni yule anayetengeneza funguo. Niliogopa madereva wanaotaka kila kitu haraka, na niliogopa zaidi matajiri wasiosema kitu. Mke wangu Ngalula alinitania mbele ya wateja: "Tata Odia ni mwanaume muzuri, lakini anaogopa hata kivuli yake." Tata ni baba, na Odia ni mtoto wetu wa kwanza. Wateja walicheka, nami nilicheka nao, nikiwa nimekaza bisibisi mkononi ili wasione vidole vinatetemeka.

Sioni haya kwa uoga huo. Ulinilisha. Mtu mwoga huangalia waya mara mbili kabla ya kuukata. Ninachokionea haya ni siku moja niliyoogopa kuonekana sijui kazi, nikasema uongo, na uongo huo ukaenda kukaa garini pamoja na mke wangu. Hiyo ndiyo habari ninayotaka kuwapa. Nitaifikia, msinikimbize.

Kwa wale ambao hawajaingia kazini, niseme kwa ufupi. Ndani ya kichwa cha ufunguo wa lori la siku hizi, chini ya ile plastiki, kuna kidude kidogo, chipu. Wengine wanaiita puce, kwa Kifaransa. Na kuzunguka tundu la ufunguo, chini ya usukani, kuna pete ya waya. Ukitia ufunguo na kuuzungusha, pete inaisoma chipu, kompyuta inaulizwa kama inaijua. Ikikubali, injini inawaka, na kuanzia hapo hakuna anayeiuliza chipu tena mpaka mara nyingine ya kuwasha. Ikikataa, taa ndogo nyekundu yenye picha ya ufunguo inapepesa, na lori lako zima linageuka chuma cha kukalia kuku.

Aliyenifundisha kazi, Tata Mwamba, hakuzijua chipu. Alikuwa fundi umeme wa zamani, vidole vimeungua kwa asidi ya betri, na enzi zake lori lilikubali kuwaka kwa kugusanisha nyaya mbili tu. Lakini alikuwa na desturi moja. Kabla ya kugusa gari la mtu, alisimama mbele ya mwenyewe, mikono yote miwili mfukoni, akamtajia kila baya linaloweza kutokea. Mimi nilidhani anafukuza wateja. Nilipomwuliza, alinijibu, "Umuambie mabaya yote mikono ikingali mu mifuko. Ukishaitoa, hauwezi tena kusema. Utaanza kufichaficha."

Niliishika desturi hiyo miaka mingi, na iliniokoa. Kuna mama mmoja mfanyabiashara aliyenunua pikapu yake ya kwanza. Kanisani kwao waliutumbukiza ufunguo ndani ya bakuli la mafuta ya upako na kuuombea siku tatu. Siku ya nne milango ikakataa kufunguka kwa kibonyezo. Mama alifika kwangu analia, na alikuwa ameshamtaja shemeji yake kuwa ndiye mchawi. Nikatia mikono mfukoni, nikamwambia kwamba naweza kuufungua ufunguo nikakuta umekufa kabisa. Akakubali. Nilipoufungua, mafuta yalinitiririka mpaka kwenye kiwiko. Niliusafisha kwa spiriti, nikaukausha juani, nikabadilisha betri yake ndogo, milango ikaitika. Chipu yenyewe haikuwa na neno. Kazi ngumu ilikuwa kumweleza pasta, maana nilimwogopa kuliko asidi. Mwisho nilimwambia, "Pasta, mara ingine mupake tu milango. Funguo muiache mu mufuko ya mama." Alinitazama sana, lakini nasikia siku hizi anapaka milango.

Na yule dereva aliyetoka Musumba na funguo zake mbili! Alizifunga pamoja kwa waya wa shaba ili zisipotee. Lori likawa linawaka leo, kesho linakataa. Alishabadilisha betri, alishabadilisha mota ya kuwashia, na alikuwa karibu kumbadilisha fundi. Chipu mbili zikikaa pua kwa pua, pete inasikia sauti mbili kwa pamoja na haielewi hata moja. Nilikata ule waya, nikampa ufunguo mmoja mkono wa kulia, mwingine wa kushoto, nikamwambia kazi imekwisha. Alikasirika kama mtu niliyemtukana. Zitenganisheni, jamani, na muwaambie wateja wenu wazitenganishe.

Haya, sasa tufike kwa Mzee Ramazani.

Mzee Ramazani alikuwa msafirishaji. Watu wake walitoka Maniema, na alikuwa Mwislamu wa sala tano, mwenye kanzu nyeupe hata siku ambazo vumbi la machimbo linaufunika mji mzima. Alikuwa na lori moja tu, la mtumba kutoka Ulaya, lililokwenda Kasaji kuleta mahindi, mihogo mikavu na karanga. Dereva wake aliitwa Kazadi, Mkasai kama mimi, mtu wa maneno mengi na moyo mwema. Ufunguo mmoja wa lori hilo ulipotea katika soko la Kasaji. Ukabaki mmoja. Mzee akaniletea lori kibandani na kusema kwa ule upole wake, "Fundi, ningeomba unitengenezee wa pili. Na huu ukipotea, sina tena kazi."

Mashine ya kusajili chipu nilikuwa nayo. Lakini aina ile ya lori niliiogopa kupita zote. Nilishaliona moja kwa fundi mwenzangu: betri iliishiwa nguvu katikati ya usajili, kompyuta ikasahau hata ufunguo wake wa zamani, na lori likakaa uani kwake mpaka majani yakaota kwenye magurudumu. Hapo ndipo nilipotakiwa kutia mikono mfukoni. Nilitakiwa kumwambia Mzee kwamba kazi hii inaweza kuliua lori lake, kwamba naiogopa, na kwamba afadhali atafute mwenye ujuzi zaidi Lubumbashi. Lakini watu walikuwa wamesimama kutazama, na Kazadi alikuwa ameshaanza kunipamba: "Mzee, uyu njo munganga ya ba-kamyo bote!" Nikavimba kichwa na kuogopa kwa wakati mmoja. Nikasema, "Rudini alasiri."

Nilichofanya, wengi wenu mnakijua, na wengine mnakifanya. Niliupasua ule ufunguo mzima, nikaitoa chipu, nikaibandika kwenye pete chini ya usukani kwa gundi na utepe mweusi wa umeme, nikarudisha kifuniko cha plastiki na skrubu zake tatu. Halafu nilikwenda kuchongesha funguo mbili za kawaida, zisizo na kitu ndani, nikazivisha vichwa vya plastiki vizuri. Zote mbili ziliwasha. Bila shaka ziliwasha! Lori lilikuwa na chipu yake mwilini saa zote. Mwizi yeyote mwenye kipande cha chuma chenye meno sawa angeliwasha vilevile. Mfumo wa kuzuia wizi nilikuwa nimeuua, na mwenye lori alidhani uko hai.

"Zote mbili zinajulikana na kompyuta, Mzee," nilimwambia. Aliniombea dua, akanishika bega. Nilitazama chini.

Tangu siku hiyo uoga wangu ulibadilika. Zamani niliogopa kibandani, nikifika nyumbani nakula vizuri. Sasa niliogopa mahali pote. Niliwaza ile gundi na joto la injini. Niliwaza barabara ya Kasaji, jinsi inavyolitikisa gari mpaka meno yanagongana. Chipu ikidondoka mbali na pete, lori litakataa kuwaka. Nilijifariji kwamba litakataa sokoni, au mbele ya nyumba ya Mzee, nami nitakwenda kulirekebisha kimyakimya. Kila lori liliporudi mjini nilijiambia kwamba leo nitalifungua nifanye kazi ya kweli. Na kila mara Kazadi alikuwa na haraka, nami nilishukuru kwamba ana haraka.

Halafu Ngalula akaanza biashara ya karanga. Alikwenda Kasaji mara mbili kwa mwezi na lori la Mzee Ramazani, akikaa mbele na Kazadi, kwa heshima yake.

Nilimwambia apande treni.

"Treni?" akanicheka. "Treni inakuya siku yenye inapenda. Unaogopa nini mu kamyo ya Mzee?"

Nilisema barabara ni mbaya. Akasema barabara ilikuwa mbaya hata kabla hatujaoana. Jibu lililobaki lilikuwa ule ukweli, na sikuthubutu kuusema. Kila alipoondoka nilimkagua kama mtu ambaye sitamwona tena, na yeye alidhani ni mapenzi ya uzeeni.

Siku yenyewe ilikuwa kiangazi, asubuhi kama saa nne. Simu yangu ililia, na jina lilikuwa lake. Nyuma yake nilisikia watu wengi wakipiga kelele.

"Tata Odia, kamyo imezimika."

"Wapi?"

"Pa reli. Pale njia inapanda, inakata reli. Mbele imeshavuka, nyuma ingali. Reli iko chini yetu katikati."

Mahali hapo nilipajua. Ukitoka Kasaji kurudi huku, barabara inapanda tuta la reli, na gari lenye mzigo lazima likwee kwa gia ya chini kabisa. Kwa kuwa ni juu, hapo simu inashika. Ukishuka upande wowote, mtandao unapotea. Kazadi alikuwa amekosea gia, injini ikakohoa na kuzima katikati.

"Atie gia ya kwanza, azungushe ufunguo, mota ya kuwashia italisogeza," nilisema haraka, na hiyo ni mbinu nzuri, muiweke akilini.

"Amejaribu. Inanyamaza tu. Haitoe hata sauti. Kuko ka-taa kekundu kanapepesa."

Taa ile niliijua.

"Bantu bote bashuke, basukume!"

"Bameshashuka, bamesukuma. Iko na mizigo mingi, haitembee. Tata Odia, sikia. Ku gare ya Kasaji, bantu ba reli balituambia treni ya mizigo inatoka Dilolo, itapita leo leo. Bantu babili bamekimbia na kitenge yangu nyekundu, banaenda kuisimamisha ku kona."

"Na we shuka! Ngalula, toka mule!"

"Nikishuka, nani atashika simu? Kazadi anapiga-piga bitu huku, hajue anapiga nini. Umuambie afanye nini."

Vijana, sasa nawaambia jambo ambalo hata kanisani sijalitaja. Nilinyamaza. Mke wangu alikuwa amekaa juu ya reli, na mimi kwanza nilitafuta uongo mwingine. Niliwaza kumwambia Kazadi autikise ufunguo, au apige ngumi chini ya usukani, labda chipu itajirudia mahali pake na hakuna atakayejua. Nilisikia pumzi ya Ngalula kwenye simu. Halafu akasema polepole, kwa sauti anayoitumia na watoto wagonjwa, "Tata Odia. Kuko kitu unajua?"

"Kuko."

"Sema."

Nikasema. "Puce haiko mu funguo. Niliificha chini ya volant, pale funguo inaingia. Nilimudanganya Mzee. Kazadi atoe kile kifuniko, kiko na skrubu tatu. Ndani atakuta utepe mweusi."

Nilimsikia akimrudishia Kazadi maneno yangu moja moja, bila kuongeza wala kupunguza. Kazadi alinitukana kwa Kiluba, tusi ambalo sikuwa nimelisikia tangu utotoni. Alikuwa na kisu, akaanza kufungua kwa ncha. Chini ya usukani palikuwa giza, kwa hiyo Ngalula alishika simu ya Kazadi kwa mkono mmoja kumulika, na yake kwa mkono mwingine sikioni. Ndiyo maana hakuweza kushuka. Bila yeye, Kazadi alikuwa na mikono lakini hana macho wala masikio.

"Utepe uko," Ngalula akasema. "Unaning'inia. Ndani hamuna kitu."

"Basi imeanguka. Muangalie chini, ku miguu ya Kazadi. Ni kadude keusi, kagumu, kakubwa sawa punje ya mahindi."

Nilisikia Kazadi akipapasa sakafu.

"Keusi?" akauliza.

"Keusi."

"Tata Odia, huku chini ni makala matupu."

Makala ndiyo makaa, kwa namna tunavyosema huku. Hakuna dereva wa njia ile asiyenunua gunia la makaa porini ili alete mjini, na kwa kuwa nyuma ni kwa mizigo ya mwenye lori, gunia lake hulisimamisha mbele, karibu na miguu. Gunia la Kazadi lilikuwa limepasuka kwa mitikiso. Sakafu yote ilijaa vipande vyeusi, vikubwa na vidogo, na vidogo vingi vilikuwa sawasawa na punje za mahindi. Nilikuwa nimeziogopa gundi, joto, barabara na wezi. Makaa hayakunijia akilini hata mara moja.

Kazadi akaanza kuokota kimoja kimoja, anakipeleka kwenye tundu la ufunguo, anazungusha, hakuna kitu, anakitupa. Nilimsikia akisali na kutukana katika sentensi ileile. Na hapo nikasikia kitu kingine kwenye simu, chembamba, cha mbali, kama mtu anayepuliza chupa. Ilikuwa honi ya treni.

"Ngalula, shuka. Nakuomba. Kamyo ife, mizigo ife, shuka."

"Ngoja."

"Ngalula!"

"Ngoja, we! Makala inachafua bidole. Ile yako inachafua?"

Sikuelewa anauliza nini. "Apana," nilisema. "Haichafue. Haivunjike."

"Basi nyamaza."

Yule mwanamke amepika kwa makaa tangu akiwa na miaka sita. Alimpa Kazadi simu ya kumulikia, akafuta vidole kwa nguo, akaanza kubana vipande kati ya dole gumba na kidole cha shahada. Kinachopukutika anatupa. Kinachopaka weusi anatupa. Nilisikia vikidondoka. Mimi nilikuwa nimesimama mbele ya kibanda changu, jua linanipiga utosini, watu wananipita na kunisalimia, na siwezi kuitika. Honi ililia tena, sasa si nyembamba. Nilisikia watu wakimwita jina lake, "Mama Odia! Mama Odia, shuka!"

"Iko," alisema.

"Uibane pa tundu ya funguo, karibu kabisa, iguse pete. Kazadi azungushe. Usiachilie! Unasikia? Usiachilie!"

Injini ilinguruma. Nilisikia Kazadi akipiga kelele, na honi ikiwa kubwa kuliko injini, na chuma, na watu. Halafu simu ikakatika.

Nilipiga tena. Haipatikani. Nilipiga mpaka kidole kikaota jasho. Nilijua kwamba lori likishuka tuta upande wa huku, hakuna mtandao, na kwa hiyo kimya hicho kinaweza kuwa habari njema. Nilijua pia kwamba simu iliyosagwa na treni hunyamaza vilevile. Sikuwa na njia ya kutofautisha. Niliacha kibanda wazi, nikaenda kwa miguu mpaka depo ya Mzee Ramazani. Sikumbuki njia niliyopita.

Nilimkuta akijiandaa kwa sala ya adhuhuri. Nilisimama mbele yake, nikaona mikono yangu imeingia mfukoni yenyewe, ikiwa imechelewa miezi mingi. Nikamwambia yote. Chipu, utepe, funguo tupu, makaa, reli.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Hakuuliza habari ya lori.

"Bibi yako alikuwa ndani?"

"Alikuwa ndani, Mzee."

"Kaa hapa, fundi. Naenda kumwomba Mungu. Nikirudi tutaongea juu ya uongo wako."

Alisali muda mrefu. Aliporudi alikaa kando yangu juu ya magunia. Nilimwogopa zaidi kwa kunyamaza kwake, lakini nisingeweza kukaa na mtu mwingine yeyote siku ile. Alimwagiza mtu alete chai. Sikuweza kuimeza. Kila lori lililopita nje nilisimama, na kila mara Mzee alinivuta koti langu la kazi, nikakaa. Saa nane ikapita. Saa tisa. Saa kumi nilianza kufikiria nitamwambia nini Odia.

Karibu na saa kumi na moja, jua bado halijazama, lori liliingia getini.

Kazadi alibaki ameshika usukani. Hakuzima injini. Abiria waliokuwa juu ya mizigo waliruka chini na kukimbilia nyuma ya ukuta, wanaume huku, wanawake kule. Nilikwenda mlangoni mbio, nikaufungua.

Ngalula alikuwa amejipinda upande, bega lake limeegemea mkono wa Kazadi, mwili wote umenyooshwa kuelekea usukani. Dole gumba na kidole cha shahada vilikuwa kwenye tundu la ufunguo, vimebana, vimegeuka rangi ya majivu. Midomo ilikuwa imekauka. Aligeuza macho kunitazama, lakini mkono hakuusogeza.

"Ulisema nisiachilie," akaniambia. "Mi naweza kuachilia sasa?"

Simu ilikatika kabla sijamwambia lile ambalo nyinyi nimewaambia mwanzoni kabisa, kwamba chipu huulizwa mara moja tu. Kazadi naye hakujua. Wale wenye kitenge walishindwa kuisimamisha treni; ilipita nyuma yao vumbi la magurudumu likiwa bado halijatua, wakasubiri tu abiria wapande, na tangu hapo hawakusimama tena. Hawakunywa maji. Abiria walipiga paa wakiomba kujisaidia, Kazadi akakataa, akiogopa injini isizime na mkono wa Mama Odia usichoke. Kwa muda wa saa sita na zaidi, kwenye barabara ile, alibana kidude ambacho hakikuhitajika tena, kwa sababu mimi nilisema asiachilie, na kwa sababu siku ile, baada ya uongo wangu wote, bado aliliamini neno langu.

Nilimwambia aachilie. Vidole vilikataa kufunguka. Nilivifungua kimoja kimoja, mbele ya Mzee na watu wote, na mikono yangu ilitetemeka waziwazi, wala sikuificha.

Wiki iliyofuata nililisajili lori lile kwa mashine, Mzee akiwa amesimama kando. Nilimtajia mabaya yote kwanza. Alisema, "Fanya." Funguo mbili za kweli ziliwasha, na mimi nikaenda kutapika nyuma ya depo. Mzee Ramazani aliendelea kuniletea kazi, lakini tangu siku ile kila nilipomaliza aliniuliza, "Chipu iko wapi, fundi?" nami nilifungua na kumwonyesha. Waonyesheni wateja wenu hata wasipouliza.

Ngalula hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Mpaka leo akipanda gari lolote, hata la kwenda kanisani, dole gumba lake linakitafuta kidole cha shahada, linakibana, na halikiachi njia nzima. Yeye mwenyewe hajui kwamba anafanya hivyo. Mimi hukaa kando yake, nangoja gari lisimame na injini izimwe, halafu naushika mkono wake na kumwambia, "Achilia, Mama Odia. Tumefika."